Kompyuta Mgongoni kwa Mama

Mama alikuwa na friji moja ndogo ya kuuzia maji ya baridi na juisi ya matunda, na mimi nilikuwa na kompyuta moja kuukuu. Vyote viwili vilikaa sebuleni kwetu, mtaa wa Ngagara, na umeme wa nyumba yetu haukuweza kuvibeba kwa pamoja. Ukiviwasha vyote, swichi kubwa ya ukutani inaruka, paa, na nyumba nzima inanyamaza. Ilibidi kimoja kikipishe kingine. Majirani wote walidhani atakayeshindwa ni mimi, kwa sababu mama si mtu wa kushindwa hovyo. Lakini mama mwenyewe ndiye aliyechomoa friji yake.

Nilikuwa nimemweleza kompyuta ile inafanya nini. Kuna wataalamu huko nje wanaotafuta dawa mpya za malaria, na hesabu zao ni nyingi mno hata mashine zao kubwa haziwezi kuzimaliza. Basi wanazikata vipandevipande na kuwagawia watu wa kujitolea, yeyote mwenye kompyuta na moyo. Kompyuta yako inapokea kipande chake kwa mtandao, inakokotoa taratibu siku nenda siku rudi, kisha inarudisha jibu kwa kompyuta kubwa ya huko inayokusanya kazi zote. Hiyo tunaiita seva. Hakuna anayelipwa. Mimi nafundisha fizikia sekondari, na nilijiunga kwa sababu jambo lenyewe lilinifurahisha. Na niseme ukweli, nilipenda pia kutangaza kwenye chumba cha walimu kwamba kompyuta yangu inatafuta dawa wakati za wenzangu zinaonyesha sinema.

Mama hakujali mambo ya chumba cha walimu. Alisikia neno moja tu, malaria. Mdogo wangu, kitinda mimba wake, alikufa kwa malaria tulipokuwa bado Uvira, kabla hatujavuka mpaka kuja kuishi Bujumbura. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Mama alimbeba kwa miguu kutoka nyumbani hadi zahanati, na alipofika muuguzi akamwambia kwamba mtoto angeletwa mapema kidogo, pengine wangeweza kufanya kitu. Neno hilo, mapema, limekaa na mama maisha yake yote. Ukimwambia misa inaanza asubuhi, yeye yuko mlangoni mwa kanisa kabla mwenye ufunguo hajafika.

"Kama masini yako inaweza kusaidia mutoto wa mutu," aliniambia siku ile, akiwa ameshika waya wa friji mkononi, "mi nachomoa hii. Maji, batu batakunywa ya moto. Habawezi kufa."

Ndivyo mama alivyoingia katika utafiti wa dawa.

Sasa, umeme wetu mnaujua. Unaondoka bila kuaga na kurudi bila hodi. Na kompyuta yangu ilikuwa na ugonjwa wa uzee: betri ndogo ya ndani, ile inayoisaidia kukumbuka saa na tarehe wakati umeme haupo, ilikuwa imekufa. Kila umeme ulipokatika kompyuta ilisahau ni siku gani. Uliporudi, ilisimama kwenye skrini nyeusi ikisubiri mtu aiambie tarehe na saa, ndipo ikubali kuendelea. Betri kama ile inapatikana, si kitu cha ajabu, lakini mimi ni mtu wa kusema nitaishughulikia Jumatatu. Na mchana niko shuleni. Mashine ingekaa pale imeduwaa mpaka jioni, kazi imelala. Kwa hiyo nilimfundisha mama.

Vitufe alivyovihitaji nilivipaka tone la rangi nyekundu ya kucha. Mwezi, siku, mwaka, saa, dakika, halafu kile kitufe kikubwa cha pembeni. Juu ya skrini nilimwekea saa yangu ya mkononi, ile ya tarakimu, ili anakili bila kubabaika. Tarehe aliisikia redioni kila asubuhi. Haikupita wiki alikuwa anafanya yote bila kunitafuta kwa simu. Jirani akija kuulizia juisi, mama anamwambia angoje, kwanza amalize kazi yake ya ordinateri, ndivyo anavyoiita kompyuta, kisha anaketi kwenye kiti changu, anavaa miwani na kubonyeza kwa kidole kimoja, polepole, huku midomo ikitamka kila tarakimu. Nimefanya kazi chini ya wakurugenzi kadhaa wa shule na sijaona aliyekikalia kiti kwa maringo yale.

Mwanzoni mwa muhula wa tatu kikaja kipande kirefu kuliko vyote tulivyowahi kupokea. Kilikuja na siku yake ya mwisho: jibu lisipofika seva kabla ya siku hiyo, wanalihesabu limepotea, wanampa mtu mwingine aanze upya, na yote uliyokokotoa yanatupwa. Niliona nafasi ipo, nikakubali. Mama aliuliza siku ya mwisho ni lini, nikamwambia, akaishika kichwani.

Kompyuta ilikokotoa. Umeme ulikatika, ukarudi, mama akabonyeza, ikaendelea. Ulikatika tena. Ilikuwa msimu wa mvua kubwa na kulikuwa na siku alizokaa kwenye kile kiti kuliko jikoni. Hatimaye, jioni moja nimetoka kazini bado nina chaki mikononi, nikaona mstari wa kijani unaoonyesha kazi ilipofika umejaa wote. Kazi imekwisha, na siku ya mwisho bado haijafika. Nilimwita mama, nikafungua mtandao wa simu yangu ili kompyuta iupate, nikabonyeza kitufe cha kutuma kama mtu anayekata utepe.

Haikutuma. Programu iliandika kwamba imeshindwa kuunganishwa na seva, na kwamba itajaribu tena baadaye.

"Imefika?" mama aliuliza.

"Bado. Itajaribu tena."

"Lini?"

"Baadaye, mama."

"Baadaye," alirudia, na sura yake ilinionyesha anavyolipenda neno hilo.

Siku zilizofuata nilipambana na ile kompyuta mpaka majirani wakadhani tumeleta mgomvi ndani ya nyumba. Kwanza nililaumu simu. Niliiweka dirishani, nikaiweka juu ya kabati, nikaiweka ndani ya sufuria la alumini juu ya kabati kwa sababu niliwahi kusikia kwamba sufuria linakusanya mawimbi, na mimi mwalimu wa fizikia nikasimama pale nikiligeuzageuza. Nikabadilisha laini, nikachukua ya kampuni nyingine. Simu yenyewe ilifungua kila kitu: habari, picha za harusi, video za watu wanaocheza. Kompyuta peke yake ndiyo iliyoambulia jibu lile lile, nimeshindwa, nitajaribu tena. Kompyuta yenyewe sikuwahi kuitumia kwa jambo lingine lolote; mengine yote nayafanya kwenye simu. Kwa hiyo niliamini seva ya huko ndiyo mbovu, na nikaitukana kwa lugha tatu.

Kisha nikamwita fundi wa simu wa mtaa wetu, bwana mmoja mchangamfu asiyewahi kusema hajui. Aliketi, akavuta pumzi, akafungua ukurasa ambamo programu inaandika matukio yake yote, mistari midogomidogo ya Kifaransa, akaushusha haraka kama anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani.

"Iko hapa, madamu," alisema. "Banaongelea sertifika. Banataka sertifika yako."

Mama hakungoja zaidi. "Nilikuambia! Diplome yako iko ndani ya sanduku langu. Peleka kwa biro ya zone bakutilie kashe, muhuri yabo, halafu utume."

"Mama, seva haiwezi kutaka diploma yangu."

"Kwa nini isitake? Unafanya kazi ya badaktari. Lazima bajue ulisoma wapi."

Fundi alikubaliana na mama, kama kila mtu anavyokubaliana na mama anapokuwa amesimama. Kisha akatoa ushauri wake wa kitaalamu. "Ama tuondoe yote, tutie programu mupya. Dakika kidogo tu." Na mkono wake ukaanza kwenda.

Nilimshika ule mkono. Ukiondoa programu ile, unaondoa na kazi yote iliyo ndani yake, iliyokokotolewa na isiyokokotolewa. Sitaandika hapa nilichomwambia, maana ni jirani mwema na bado tunasalimiana. Alitoka akicheka peke yake, akamwambia mama mlangoni kwamba mwalimu ana moto. Mama alimjibu kwamba moto huo ameuzaa yeye mwenyewe.

Ndipo nikaandika kwenye jukwaa la mtandaoni ambako watu wa kujitolea kama mimi husaidiana. Niliandika Kifaransa changu kizuri kabisa, nikaeleza yote, umeme, simu, laini mbili, hata sufuria. Mtu mmoja alinijibu kutoka nchi ambayo sikuiuliza. Jibu lake lilikuwa swali moja fupi: kompyuta yako inasema leo ni tarehe gani?

Nilikasirika. Hilo ndilo swali daktari anamuuliza mzee anayehofiwa kuchanganyikiwa. Nilitupa jicho kwenye kona ya skrini, pale kompyuta yangu inapoonyesha saa, na saa ilikuwa sawa na ile ya mkononi niliyomwekea mama juu ya skrini, dakika kwa dakika. Nikamjibu kwa adabu yenye meno kwamba huku Burundi tunazo saa, na kwamba ya kompyuta yangu ni sahihi. Hakuandika tena. Nikafurahi kwamba nimemweka mahali pake.

Siku ya mwisho iliangukia Jumamosi. Ijumaa jioni nilirudi nikamkuta mama amekaa kwenye kiti cha kompyuta, haandiki kitu, mikono mapajani. Friji nyuma yake imezimwa kama kawaida, mlango wake umefunguliwa kidogo usije ukanuka.

"Kesho njo mwisho," alisema.

"Najua, mama."

"Tutachelewa?"

Sijawahi kuogopa swali kama nilivyoogopa lile. Malaria ile ya Uvira hatuizungumzi nyumbani kwetu. Lakini pale niliona wazi kwamba kwa mama kile kipande hakikuwa hesabu. Alikuwa amekichunga mvua nzima, umeme baada ya umeme, ili safari hii afike mapema. Ikiwa kingeoza mezani kwetu huku kimekamilika, basi angekuwa amechelewa mara ya pili, na mimi, msomi wa nyumba, ndiye niliyemwambia nafasi ipo.

"Apana," nilisema. "Kesho tunaipeleka kwenye mtandao mzuri."

Nina rafiki, mwalimu wa kemia shuleni kwetu, anayekaa mtaa wa Gihosha, mlimani kidogo. Kwake mtandao unaingia kwa waya, hautegemei simu wala sufuria. Nilimpigia, akasema njooni, skrini ninayo, leteni mashine tu na kibodi yenu. Nilijua kwamba kama kwake pia itakataa, basi kosa si mtandao, na hapo hata sijui ningegusa wapi.

Jumamosi asubuhi hakuna anayekwenda popote. Kila mtu yuko kwenye kazi za pamoja za kusafisha mitaa, na sisi tulikuwa kwenye mtaro wetu tukifyeka nyasi, mama akifyeka kama ana ugomvi nazo. Kazi zilipokwisha na barabara kufunguliwa, petroli haikuwepo mjini, kama ilivyokuwa haipo tangu wiki ile ianze, na foleni ya kungoja basi ilikuwa imezunguka kona. Mama aliitazama foleni. Kisha aliitazama kompyuta, lile sanduku lake la chuma nililokuwa nimelipakata, kibodi ikiwa ndani ya begi langu la shule.

"Leta," alisema.

"Mama, ni nzito."

"Nimebeba nzito kuliko hii. Leta."

Akafungua kitenge chake cha pili, akainama, nikaiweka ile mashine mgongoni kwake, akaifunga vizuri, fundo juu ya kifua na fundo kiunoni, akajitingisha mara moja kuona kama imekaa. Tukaanza kupanda. Kila nilipomwomba nipokee, aliongeza mwendo. Njiani mwanamke mmoja mwenye beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, kichwani alimtazama mgongoni kwa huruma ya mzazi, akamwuliza, "Mama, mutoto iko na miezi ngapi?"

"Huyu mukubwa," mama alijibu bila kusimama. "Anafanya kazi."

Nilicheka mpaka nikakaa kando ya barabara. Mama hakunisubiri.

Rafiki yangu alitupokea kwa maji na viti, lakini mama hakuketi mpaka mashine imetolewa kwenye kitenge na kuwekwa mezani. Tukaunganisha skrini, kibodi, waya wa umeme, waya wa mtandao. Nikawasha. Skrini nyeusi ikatokea, ikitaka kuambiwa tarehe, kama kila mara. Nilipeleka mkono kwenye kibodi.

"Acha," mama alisema. "Hii kazi yangu."

Nikampisha. Nilitaka pia rafiki yangu aone mama anavyoweza. Akavaa miwani. Akabonyeza mwezi, midomo ikitamka. Akabonyeza siku. Kisha akainua macho na kutazama ukuta ulio mbele yake, akautafuta kulia, akautafuta kushoto. Ukuta wa rafiki yangu ni mtupu, umepakwa rangi majuzi. Mama akafikiri kidogo, akarudisha macho kwenye kibodi, akabonyeza mwaka kwa kichwa. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na niliona tarakimu zikiingia moja baada ya nyingine.

Ulikuwa mwaka jana.

"Mama," nilisema, "huo mwaka umeutoa wapi?"

"Kwetu. Ku kalandriye."

Sasa nieleze, kwa asiyeishi na watu kama sisi. Kwetu kalenda haiondolewi ukutani eti kwa sababu mwaka umekwisha. Inaondolewa picha yake ikichakaa. Juu ya kompyuta yetu inaning'inia kalenda yenye picha ya ziwa iliyopigwa kutoka upande wa Uvira, milima nyuma, maji ya buluu, na mama aliapa kwamba paa moja dogo pembeni ni la shangazi yake. Nani angeitoa picha ile? Ile ya mwaka huu, yenye picha ya matofali ya saruji, iko jikoni inafunika mtungi. Siku na mwezi mama alivipata redioni, lakini redio haiwaambii watu kila asubuhi ni mwaka gani, inadhani wanajua. Basi mwaka aliusoma mahali unapoandikwa mwaka, kwa herufi kubwa nyekundu, mbele ya macho yake. Nami nilipita chini ya ile kalenda kila siku nikienda na kurudi, msomi, nikatazama ziwa. Na kile kikona cha skrini nilichojivunia kwenye jukwaa kinaonyesha saa peke yake. Saa ilikuwa sahihi kweli, ila ya mwaka jana.

Mambo yote yalinijia kwa mkupuo. Kompyuta mbili zinapotaka kuzungumza, seva huonyesha kwanza hati yake, na hati ile imeandikwa inaanza kutumika siku fulani na kuisha siku fulani. Hiyo ndiyo sertifika ya fundi wetu, masikini, aliisoma sawasawa, ila ilikuwa ya seva, si yangu. Kompyuta yangu, ikiishi mwaka jana kwa amani kabisa, ilitazama hati inayoanza mwaka huu ikaona ni ya kughushi, maana nani anakuja na hati ya siku ambayo haijafika? Ikafunga mlango. Kipande chenyewe kiliingia kwa sababu siku ile seva ilikuwa bado na hati ya zamani, iliyokuwa ikitumika tangu mwaka jana; baadaye ndipo wakaibadilisha. Seva haikutukataa hata siku moja. Sisi ndio tuliokuwa tukiikataa, kwa ukali wa mlinzi mwaminifu. Na haikuwa na haraka yoyote, kwa sababu kwa hesabu yake siku ya mwisho ilikuwa bado mwaka mzima mbele.

"Mama, rudi kwenye mwaka," nilisema. "Ongeza moja."

"Moja?"

"Moja tu."

Akaongeza moja. Saa na dakika nikamsomea kwenye simu yangu, akaziandika. Akabonyeza kitufe kikubwa. Kompyuta ikawaka polepole kama inavyowaka siku zote, na rafiki yangu akaja kusimama nasi akiwa bado na kijiko cha chai mkononi. Programu ikafunguka. Sikugusa kitu. Mstari mdogo wa buluu ukatokea, ukasogea, ukasimama, ukasogea tena. Ukajaa. Kisha neno likabadilika mbele yetu: imepokelewa.

Nilipiga kelele. Rafiki yangu akapiga kelele, akanishika mikono tukazunguka sebule yake tukigonga viti, walimu wawili wa sayansi, watu wazima, kijiko kimeruka hakijulikani kimeanguka wapi. Nilijiona mkubwa kuliko siku nilipopata shahada. Nilitaka kumpigia simu fundi, nilitaka kuwaita wale wa chumba cha walimu mmoja mmoja. Na yule mtu wa jukwaani nilimwandikia papo hapo kwa simu, nimesimama, kwamba yeye alikuwa sahihi na mimi nilikuwa na kiburi. Alinijibu kwa kichekesho tu, kwamba hata yeye mara moja aliwahi kuishi mwaka ambao haupo.

Nilipogeuka, mama alikuwa bado kitini. Alikuwa amevua miwani.

"Basi ni mi njo nilikuwa nachelewesha," alisema.

Nikapiga magoti karibu na kiti chake, kama tunavyokaa nikimsuka nywele, ila tumebadilishana nafasi.

"Mama, nisikilize. Bila we hii kazi haingeisha. Mi nilikuwa shule. Umeme ulienda, ukarudi, nani alikuwa hapo? We. Hii kazi yote ni yako. Mwaka, mi ndiye sikukuonyesha."

Alinitazama usoni, akipima kama namdanganya ili kumbembeleza. Simdanganyi mama, hana subira ya kudanganywa.

"Basi tumefika mbele ya saa?"

"Mbele ya saa, mama. Mapema kabisa. Jua bado liko juu."

Hapo ndipo alipoinuka. Aliweka mkono mdomoni na kupiga vigelegele, sauti ile anayoiweka kwa ajili ya harusi na ubatizo, mpaka mbwa wa jirani akabweka na wanawake wawili wakachungulia juu ya ukuta kuuliza nani amezaliwa. Rafiki yangu aliwajibu kwamba ni mambo ya malaria, wakashangilia nao, bila kuuliza zaidi. Mama akaenda mpaka ukutani kuwaeleza mwenyewe. Nilimsikia akisema seva, akisema sertifika, akieleza habari ya mwaka kwa kicheko kikubwa, sasa ikiwa ni habari yake ya kujivunia, jinsi alivyoifungia ile masini ndani ya mwaka jana ikashindwa kutoka.

Aliporudi nilikuwa nimefungua ukurasa wa kwenye mtandao ambako seva inaorodhesha kazi zilizofika. Nilimwonyesha yetu ilipo. Akauweka uso karibu na skrini na kufuata mstari kwa kidole.

"Na hapa?"

"Hapo ni jina la aliyetuma."

"Ni nani huyu?"

Ilinibidi nikiri kwamba ni mimi. Nilipojiunga nilijiandikisha kwa jina la kujisifu, Madamu Fizikia, na nilikuwa nikilipenda. Mama alilisoma mara mbili. Hakulicheka, na mama huwa hakosi nafasi ya kunicheka.

"Linaweza kubadilika?" aliuliza.

"Linaweza. Hata sasa."

Akavuta kiti akaketi, akanyoosha kitenge mapajani. Kisha akalitaja jina la mdogo wangu. Alilitaja lote, la ubatizo na la nyumbani, na akanitajia herufi moja moja, kana kwamba mimi ni karani mgeni ambaye hakuwahi kulala kitanda kimoja na mtoto huyo, na alingoja niandike kila moja kabla hajatoa nyingine. Rafiki yangu aliacha kutafuta kijiko. Nilipomaliza nilibonyeza kitufe cha kuhifadhi, ukurasa ukajifungua upya, na mama akavaa miwani yake asome mwenyewe: jina la mtoto wake, na mbele yake, imepokelewa, kabla ya muda kwisha.